Je, Sungura Aliiba?

 

Tuliombwa kuandika juu ya kusamehe. Tulipokaa na kalamu tuliona hatuwezi kuandika neno lolote la kweli juu ya kusamehe kabla hatujaeleza habari za sungura mmoja wa hapa Bukoto, ambaye alitutia aibu kuliko mwanadamu yeyote mwaka jana. Mtuvumilie. Habari yenyewe ni ndogo, lakini ilikaribia kuwa msiba.

Wengi wenu mnaijua Bukoto kwa kupita tu, mkitoka Kamwokya kwenda Ntinda au Kisaasi. Ukiwa barabarani unaona maduka na nyumba za ghorofa. Nyuma yake kuna vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, vile wenyeji wanaviita muzigo. Sisi tunakaa katika mstari wa namna hiyo. Kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani pamebaki kipande cha ardhi, hatua nne kwa hatua tisa. Mwenye nyumba ni mama mzee wa Kiganda, tunamwita Jjajja kama wajukuu wake wanavyomwita. Alituruhusu kulima pale kwa sharti moja: tusiguse maua yake yaliyo mbele ya mlango wake.

Mtu asicheke hatua nne kwa tisa. Ninyi mlioko kwenye makambi mnajua mgao wa chakula ulivyokwenda: Aprili 2020 ulikatwa asilimia 30, Februari 2021 ukashushwa tena hadi asilimia 60 ya kawaida, na miaka iliyofuata kuna familia zilizoondolewa kabisa kwenye orodha. Sisi tuliochagua kukaa mjini hatukuwa kwenye orodha hiyo tangu mwanzo. Mkimbizi wa Kampala anatarajiwa kujitegemea. Basi tulipanda lengalenga, ambayo hapa wanaiita doodo, tukapanda sukuma wiki, nakati, maboga kwa ajili ya majani yake, nyanya kidogo, na mistari miwili ya vitunguu. Mbegu tulinunua Container Village mjini. Kulikuwa na siku nne katika juma ambazo mboga ya nyumba yetu ilitoka pale, na pesa ya mboga ikaingia katika karo ya watoto.

Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, tukaamka asubuhi moja na kukuta mstari mzima wa sukuma wiki umebaki vijiti. Siku ya pili lengalenga. Siku ya tatu miche ya maboga.

Hapa inabidi tuungame jambo. Kabla hatujainama kuangalia mimea, tulikuwa tayari na mtu. Kulikuwa na kijana aliyekuwa amefika kutoka Kivu majuma mawili hivi kabla, hana ndugu mjini, analala kwenye baraza la kanisa na kupita uani kwetu usiku kwenda chooni. Hakuna aliyemwona akichukua kitu. Ila yeye ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote, na mwenye njaa kuliko wote, na hayo mawili yalitutosha. Tulimwita tukamwuliza kwa upole kama anajua lolote juu ya mboga. Alitutazama akasema, “Pasta, mimi sina hata sufuria ya kuzipikia.” Akaondoka. Baada ya siku chache akapanda basi kwenda Nakivale. Ikiwa anasoma ukurasa huu, ajue kwamba tulichomwuliza hakikuwa swali, na kwamba neno lake kuhusu sufuria bado linatuamsha usiku.

Wale ambao wenyewe walishukiwa mpakani, kituoni na sokoni kwa sababu ya matamshi yao, nasi tumo, tungepaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Inaonekana si hivyo. Mtu akipigwa sana anajifunza pia namna ya kupiga.

Mama wa nyumbani ndiye aliyeinama. Mashina yalikuwa yamekatwa mshazari, safi, kama kwa wembe. Mbuzi hakati hivyo, yeye huvuta na kuchana. Kiwavi hutoboa matundu. Konokono huacha ute unaong’aa. Kuku huparua udongo. Na mtu anayeiba mboga huchuma majani, au hung’oa shina zima, hakati mche wa boga wenye majani mawili ambao haumfai kitu. Kando ya mistari kulikuwa na vinyesi vidogo vya mviringo, vikavu, kama mbegu. Nyanya hazikuguswa wala vitunguu havikuguswa, maana majani yake ni sumu kwa mnyama huyu. Sungura ana meno makali juu na chini, na meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Basi mchana kutwa amelala, alfajiri na jioni anatafuna.

Wenyeji wanamwita akamyu. Sungura huyu wa kufugwa si mzaliwa wa nchi hizi, yeye naye ni mgeni, asili yake ni Ulaya ya kusini. Wa porini wa kwetu ni jamaa tu: wale wenye masikio marefu wa mbugani, na yule wa nyasi anayeitwa kwa jina la Bunyoro, ambaye ndugu zetu wa Kyangwali huenda wamemwona jioni. Katika hadithi za bibi zetu sungura ni mjanja anayeingia shamba la watu na kuwacheka wote. Huyu wetu hakuwa mjanja. Alikuwa mbavu tupu. Tulimwona jioni ile ile, wa kijivu, ametulia katikati ya lengalenga kama mzee wa kanisa kwenye kiti chake.

Tena tulimjua. Alikuwa wa mjane mmoja wa kanisa letu anayekaa mlango wa sita. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja alipewa sungura wawili, dume na jike, akawatengenezea kibanda cha mbao za masanduku. Jike akibeba mimba hukaa nayo kama siku 31 tu, kwa hiyo mtoto yule alikuwa ameuza vitoto mara kadhaa, na pesa hizo zilinunua madaftari na viatu vya shule. Wale wa Kivu watakumbuka simbilisi jikoni kwa mama zetu. Wakati wa vita walitunzwa chini ya kitanda kwa sababu askari wakipita huchukua ng’ombe na mbuzi, kitu kidogo hawakioni. Mtoto huyu alikuwa anafanya kazi ile ile ya bibi yake. Lakini kiangazi kilikausha majani ya kando ya barabara, mama akaugua, maganda ya ndizi yakapungua jikoni, na sakafu ya kibanda ikaoza.

Basi likawa shauri la uani. Jjajja alisema neno fupi: huyo ni nyama, mchinjeni. Mwanetu mkubwa akasema sumu ya panya, ndani ya kipande cha embe. Na sisi, mchungaji wa watu, tukanunua sumu. Ile inayouzwa na vijana barabarani, haina jina, imefungwa kwenye karatasi. Tuliiweka juu ya kabati tukijiambia kwamba tutaitumia usiku ambao watoto wamelala.

Mama wa nyumbani aliuliza swali moja. “Na asubuhi mjane akimkuta sungura wake amekufa, atamfanya nini?”

Ninyi mnajua jibu. Katika nyumba ambayo haijaonja nyama tangu Pasaka, sungura aliyekufa bila jeraha hatupwi. Angechunwa kabla ya saa tatu. Tulichukua ile karatasi tukaitupa ndani ya shimo la choo, na mikono yetu ilitetemeka hata tulipomaliza kunawa. Kati yetu na kifo cha mtoto wa mjane, na huenda mama yake pia, lilikuwa swali moja la mwanamke aliyekuwa akimenya viazi.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya neno “kuiba”. Je, sungura aliiba? Kila mtu atasema hapana, mnyama hajui cha kwake na cha mwenziwe. Lakini tulitaka kumwua, na mtu hatundiki adhabu ya kifo juu ya asiye na kosa. Ulaya ya zamani waliwapeleka wanyama mahakamani kweli. Mwaka 1386 katika mji wa Falaise, Ufaransa, nguruwe jike alihukumiwa na kunyongwa kwa sababu alimwua mtoto. Tunawacheka, lakini angalau wao walimpa kesi.

Lugha yetu ina maneno manne ambayo tunayachanganya: hasara, kosa, hatia na deni. Hasara ni kitu kilichopotea. Kosa ni tendo lisilopaswa. Hatia hukaa katika moyo uliojua na bado ukatenda. Deni ni kile kinachopaswa kulipwa, na mtu anaweza kuwa na deni bila hatia yoyote. Sukuma wiki yetu ilikuwa hasara ya kweli, na deni pia lilikuwepo, maana sungura alikuwa na mwenyewe. Lakini hatia tuliitafuta kila mahali hatukuipata. Mnyama hakuwa nayo. Mtoto alikuwa akichuma majani mpaka giza. Mama alikuwa na homa kitandani. Hapo ndipo moyo wa mtu unapokataa. Hautaki hasara isiyo na uso. Ukikosa uso wa kweli unachukua ulio karibu, na kwetu ulio karibu ulikuwa wa yule kijana.

Sisi tuliotoka vitani tuna ugonjwa huu kuliko wengine, na hatuna haja ya kuuficha. Tulipoteza nyumba, mashamba, na watu ambao hatutawataja hapa. Waliotenda wengi hatukuwaona nyuso zao, na tuliowaona hawajatulipa. Deni hilo kubwa linatembea ndani yetu likitafuta pa kushukia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vya 1998 hadi 2003. Hatuandiki siasa, na nchi hii imetupokea, tunaishukuru. Tunataja tu kwamba hata majaji wale hawakuweza kuihesabu kila hasara moja moja. Ushahidi haukutosha, wakakadiria kwa jumla. Ikiwa mahakama ya dunia yote inashindwa kujua nani alipoteza nini, si ajabu sisi tukatafuta malipo kwa mtu anayepita uani.

Tukarudi kwenye Torati, ambayo tuliisoma chuoni kwa haraka tukidhani ni habari za ng’ombe wa zamani. Kutoka 21 inasema juu ya ng’ombe aliyemwua mtu kwa pembe: ng’ombe anauawa. Lakini Kutoka 22:5 inasema juu ya mnyama aliyeingia shamba la mtu mwingine akala, na hapo mnyama haguswi. Hakuna fimbo wala jiwe. Mwenye mnyama ndiye analipa, tena kutoka katika mazao yake yaliyo bora, si makapi. Tulifurahi kuona hivyo, kisha furaha ikaisha, kwa sababu sheria ile inachukulia kwamba mwenye mnyama naye ana shamba. Mjane wa mlango wa sita mazao yake bora ni nini? Ana beseni na jiko la makaa.

Kuna sheria nyingine, Kumbukumbu la Torati 23, mwishoni. Mpita njia mwenye njaa anaruhusiwa kuingia shamba la jirani na kula kwa mkono wake mpaka ashibe, lakini asiweke chombo wala asipeleke mundu. Thomas wa Aquino, mwalimu wa karne ya 13, aliendelea mbele zaidi, akafundisha kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa akichukua kinachomwokoa, hilo haliitwi wizi. Tunakubaliana naye, ingawa tunajua wenye mashamba miongoni mwenu watanung’unika. Tazameni lakini jinsi Torati ilivyo na akili: njaa ina haki, na haki hiyo ina kipimo. Mtu anaweza kujiwekea kipimo hicho, anajua mkono ni nini na mundu ni nini. Sungura hajui. Anaanza na jani la nje, anamaliza na kichipukizi cha katikati, na mmea hauna tena pa kuoteshea. Kwa hiyo mtu anayemwekea ua sungura hamkasirikii. Anamwekea kile kipimo ambacho mnyama hakupewa.

Tulihubiri kidogo juu ya jambo hili Jumapili moja, na baada ya ibada mzee mmoja akasema, “Pasta, sisi wakimbizi ndio sungura, na Uganda ndiyo bustani.” Watu wakacheka na wengine wakapiga makofi. Sisi hatukuupenda mfano huo, na bado hatuupendi. Mkimbizi anaweza kuomba, anaweza kukataa, anaweza kulima na kulipa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ya nchi hii inamtambua kama mtu mwenye haki ya kufanya kazi na kutembea. Yule anayekubali kuitwa mnyama mwenye njaa ataanza kutenda kama asiye na kipimo, na wenyeji watakuwa na sababu ya kuweka sumu. Mzee alikasirika kidogo. Tulikunywa naye chai, tukaachana kila mtu na mfano wake.

Ua basi. Tutaeleza, maana wengi wameuliza. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa haufai, vitoto vinapita. Tundu lisizidi sentimita mbili na nusu. Urefu uwe wa kumzuia sungura asiruke, na chini ufukiwe kama sentimita 15 na ukunjwe kuelekea nje, kwa sababu anachimba. Wavu ni ghali. Sisi tulinunua wa upande mmoja tu, pande nyingine tukatumia mabati chakavu. Mche mchanga mmoja mmoja unaweza kuvishwa mtungi wa njano uliokatwa juu na chini, na mtungi uliopasuka hakuna nyumba ya mkimbizi inayoukosa. Sukuma wiki tuliihamishia kwenye magunia ya udongo yaliyosimama, marefu kufika kiunoni, na hapo hawezi kufika. Pilipili na kitunguu saumu kilichopondwa husaidia siku mbili tatu mpaka mvua inyeshe, na sungura mwenye njaa kali hula tu na pilipili yake. Kuna mmoja wenu aliyetwambia ametumia chandarua cha mbu. Tunakusihi, ndugu yetu, kirudishe kitandani. Malaria haijali lengalenga.

Lakini ua peke yake tuliona ni nusu ya kazi. Huko Australia mtu mmoja, Thomas Austin, aliachilia sungura wapata 24 shambani kwake mwaka 1859 apate kuwawinda. Baada ya miaka michache walikuwa mamilioni. Serikali ya Australia ya Magharibi ikajenga ua tangu 1901 hadi 1907, mmoja ukipita kilomita 1,800, na kabla haujakamilika sungura walikuwa wameshapita upande wa pili. Wetu alikuwa mmoja, si mamilioni, lakini njaa yake ilikuwa ile ile. Tukifunga kwetu ataingia mlango wa nane, kwa watu ambao hawana mchungaji ndani ya nyumba wala mke wa kuwauliza swali. Kulinda bustani yako kwa kumsukumia jirani hasara yako, hilo nalo ni deni.

Tukaenda mlango wa sita. Tulifikiri tunakwenda na wema. Tulimwambia mama yule kwamba sungura wake amekula mboga, kwamba tumesamehe yote, na kwamba kila jioni mtoto aje achukue majani ya chini ya sukuma wiki, magugu na mashina ya viazi vitamu, vitu ambavyo sisi tunatupa. Alisikiliza akiwa amekaa kitandani, shuka begani. Akasema, “Asante, Pasta. Lakini mmenisamehe kitu gani? Mimi sijaomba. Niambieni ni shilingi ngapi.”

Tulisema hakuna shilingi. Akanyamaza. Kesho yake alimtuma mtoto na kitoto cha sungura ndani ya kikapu, jike, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Tukamrudisha. Mtoto akaondoka akilia, na mama hakuja kanisani Jumapili mbili.

Dada mmoja mzee wa kanisa, mfuma vikapu, alitujia jioni akatwambia bila kuzunguka. Alisema: mlipokataa malipo yake mlimwambia kwamba yeye si mtu wa kuwa na deni, ni mtu wa kuhurumiwa tu. Tangu tuingie nchi hii tunahurumiwa, tunapanga foleni ya kuhurumiwa, tunawekewa wino kidoleni. Siku moja mtu amepata nafasi ya kulipa kwa mali yake, na mchungaji anamnyang’anya.

Hatukuwa na jibu. Tunakiri kwamba tulipenda kusamehe kwa sababu kusamehe kunamweka anayesamehe juu. Tena sisi ni mchungaji wake. Angetukataaje? Kuna msamaha ambao ni kama kumfunga mtu kamba, akikaa ni mtumwa, akikimbia ni mkosa shukrani. Torati iliposema mwenye mnyama alipe kutoka katika mazao yaliyo bora, tulidhani ni ukali juu ya maskini. Sasa tunafikiri huenda ilikuwa heshima. Ilimchukulia kila mtu kuwa ana kitu kilicho bora.

Tulikwenda tena, safari hii tukiwa tumeandika kwenye karatasi: mistari mitatu ya mboga, kiasi fulani. Tulibishana bei, kweli kweli, kama sokoni Kalerwe. Alishusha, tukapandisha. Tukapatana: kile kitoto jike, pamoja na mbolea ya kibanda mpaka mvua za mwezi wa tisa. Kuhusu majani ya jioni alisema atayanunua kwa mbolea, hayachukui bure. Mwanetu mkubwa na mtoto wake wakatengeneza sakafu mpya ya kibanda. Mbolea ya sungura ni nzuri, inaweza kuwekwa shambani bila kungoja ioze, na lengalenga iliyokatwa ikachipua pembeni. Sukuma wiki zilizoliwa moyo hazikurudi. Tulizing’oa.

Ninyi wa Nakivale mnaweza kusema kwamba haya ni mambo ya uani, kwenu si sungura bali ni ng’ombe wa watu wanaoingia katika mahindi usiku, na mahindi ni ya mwaka mzima. Ni kweli, na hatudai kwamba karatasi na mazungumzo vinatosha huko. Penye mtu anayeachilia mnyama kwa makusudi kuna hatia, na hapo peleka shauri kwa viongozi wa wakimbizi na kwa LC1 pamoja, na mashahidi, na hesabu ya mistari iliyoliwa. Ila dawa ndani ya maji ya ng’ombe, au mkuki usiku, msifanye. Mnajua baada ya ng’ombe hufuata nini. Tena tafuteni kwanza kujua aliyefungua zizi ni nani. Mara nyingine ni mtoto aliyelala kwa uchovu, amechunga mifugo ya watu tangu alfajiri kwa kikombe cha maziwa.

Watu wameuliza pia kama Mkristo anaruhusiwa kula sungura, kwa sababu ya Walawi 11, inayomhesabu miongoni mwa wanaocheua. Yeye hacheui kama mbuzi, ila hula mara ya pili kinyesi chake laini. Kuhusu kula, someni Matendo 10, kila nyumba iamue. Kwetu hatuli, kwa sababu watoto wameshampa jina.

Maana yule mweupe mwenye sikio jeusi yuko kwetu sasa. Tulimjengea kibanda kizuri, mbao mpya, bawaba mpya, na tulijisifu. Juma lililopita mtoto wetu mdogo alisahau kufunga mlango. Asubuhi Jjajja alitugongea, amesimama na kanga yake, hasemi kitu, anatuonyesha tu kwa mkono. Maua yake yote ya mbele ya mlango yalikuwa yamekatwa mshazari, safi, kama kwa wembe. Tunakwenda kwake leo jioni na karatasi na kalamu. Bado hatujui tutamlipa nini kilicho bora.